Katuni ya Kijapani isiyo na msimuliaji: kinachowatenganisha wazazi na vijana wa Rumonge

Usiku usio na mwezi ndio usiku wa kazi mjini Rumonge. Mashua husukumwa majini jua likizama, taa huwashwa mbali na nchi kavu ili kuwavuta ndagala, na anayesimama ufukweni huona mstari wa nuru ukitandaa kuelekea upande wa Kongo. Baba harudi hadi alfajiri. Mama amelala mapema, kwa kuwa asubuhi ndagala lazima wapokelewe na kuanikwa, au wafikishwe sokoni kabla hawajaharibika. Ndani ya chandarua, kijana wa miaka 14 ameshika simu, waya za kusikilizia zimo masikioni, na kwenye kioo mvulana mwenye nywele za manjano anapiga ukelele kwa lugha ambayo hakuna mtu katika nyumba hiyo aliyewahi kuisoma.

Ugomvi huanza asubuhi, na aghalabu huanza kwa neno moja: katuni. Mzazi hushangaa kuona mtu anayekaribia mtihani wa darasa la tisa, anayetumwa sokoni na kuaminiwa na fedha, bado anakesha na katuni za watoto. Kijana hujibu kwamba hiyo si katuni, ni anime. Jibu hilo halimsaidii yeyote kati yao. Mzazi husikia neno jingine tu asilolijua, na kijana hubaki na hakika kwamba nyumbani hakuna wa kumwelewa.

Mzozo kama huu umekwisha kutokea Tokyo, Paris na Riyadh kabla ya kufika mwambao wa Tanganyika. Lakini hapa Rumonge, kama ilivyo Nyanza-Lac na vijiji vilivyo kati ya miji hiyo miwili, una sura yake, na sura hiyo inatokana na lugha zaidi kuliko picha zenyewe.

Manga isiyotoka Uarabuni

Istilahi zenyewe zina mtego kwa msemaji wa Kiswahili. Mzee aliyekulia Rumonge, Buyenzi au Ujiji akisikia neno "manga" hufikiria Uarabuni: Wamanga walikuwa Waarabu wa Omani, na pilipili manga ni ile iliyokuja na biashara ya baharini. Kwa Wajapani, manga ni hadithi iliyochorwa kwenye karatasi, na kufanana kwa maneno hayo mawili ni sadfa tupu. Hadithi ya namna hiyo ikipewa mwendo na sauti huitwa anime. Sadfa nyingine inapendeza zaidi: kitabu cha manga hufunguliwa na kusomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na mtoto aliyeanzia masomo yake kwenye juzuu za madrasa hahitaji kuelekezwa.

Anime ya televisheni kama inavyojulikana leo ilianza Januari 1, 1963, pale Japani ilipoonyesha hadithi ya roboti mwenye umbo la mtoto, Astro Boy, kazi ya mchoraji Osamu Tezuka, ambaye alikuwa amesomea udaktari. Tangu hapo nchi hiyo imezalisha hadithi za kila aina: za mpira, mapishi, vita, mapenzi, wachawi, mahakama, wanafunzi wavivu na wafalme wa kale. Kudhani kwamba zote ni za watoto kwa sababu zimechorwa ni sawa na kudhani kwamba nyimbo zote ni za harusi kwa sababu zina ngoma.

Wajapani wenyewe huzipanga kwa msomaji anayelengwa. Kuna za watoto wadogo, kama Doraemon, yule paka wa buluu anayetoa vifaa vya ajabu mfukoni. Kuna shonen, zinazolenga wavulana waliobalehe au wanaokaribia, na humo ndimo zinamopatikana Dragon Ball, One Piece na Naruto, zote zikiwa zimetoka katika jarida moja la kila wiki, Shonen Jump. Kuna shojo za wasichana, na kuna seinen na josei kwa wanaume na wanawake watu wazima. Hata hivyo jina la rafu si dhamana. Attack on Titan, hadithi ya majitu yanayowala binadamu, ilichapishwa katika jarida la shonen, ilhali damu iliyomo si ya kumwonyesha mtoto wa miaka 9. Mwaka 2015 serikali ya China iliiweka pamoja na Death Note katika orodha ya kazi 38 ilizozipiga marufuku.

Tatizo ni kwamba rafu hizo hazifiki Rumonge. Kwenye flashi au kadi ya simu inayozunguka kutoka kwa rafiki hadi kwa rafiki, Doraemon hukaa jirani na hadithi ya mauaji, na majina ya mafaili hayamwambii mzazi chochote. Nakala hizo, kwa kawaida, hazina kibali cha wenye kazi. Huduma rasmi zinazolipiwa kwa mwezi zina alama za umri, lakini zinahitaji kadi ya benki na bando la intaneti ambalo familia nyingi za wavuvi na wauza mawese haziwezi kulinunua kila juma. Kwa hiyo mzazi anayesema kwamba hajui kilichomo ndani ya simu ya mwanawe anasema kweli tupu.

Nyumba moja, lugha nne

Anime nyingi zinazofika Burundi husemwa kwa Kijapani na kuandikwa tafsiri ya Kifaransa chini ya picha, au hutiwa sauti za Kifaransa kabisa. Hilo lina historia. Ufaransa ilianza kuonyesha katuni za Kijapani kwa wingi tangu Julai 1978, pale Goldorak ilipoingia katika televisheni ya taifa, na kipindi cha Club Dorothée, kilichodumu kuanzia 1987 hadi 1997, kiliwalea watoto wengi wa Kifaransa juu ya Dragon Ball. Nchi zinazotumia Kifaransa barani Afrika zilizipata hadithi hizo kwa mlango huo huo.

Kijana anayesoma Rumonge hufundishwa kwa Kifaransa katika madarasa ya juu, na maandishi yanayopita haraka chini ya picha anaweza kuyafuata. Mzazi wake huenda hawezi. Wengi wa watu wazima wa mwambao huu walisomea ng'ambo ya mpaka. Machafuko na mauaji ya mwaka 1972, yaliyoanza Aprili 29 katika maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, yaliwafanya makumi ya maelfu ya watu wakimbilie Tanzania, wengine kwa mashua usiku. Walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na watoto wao wakaingia shule za Kiswahili. Wengine walikimbia baada ya mwaka 1993 na kulea watoto kambini. Kuanzia mwaka 2008 wengi wa wale wa 1972 walirejea, na kambi ya Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa 2012 waliofuata walikuja pia. Walirudi na Kiswahili fasaha na vyeti vya shule vya Tanzania, katika nchi ambayo karatasi za ofisi na vitabu vya shule viko kwa Kifaransa.

Ndiyo maana katika nyumba moja mama husoma Kiswahili, bibi huzungumza Kirundi, mtoto husoma Kifaransa, na simu hupiga kelele kwa Kijapani. Mzazi anapomwambia mtoto azime "hayo makelele", mara nyingi ndivyo yanavyosikika kwake hasa: makelele. Katikati ya kelele hizo mtoto amesoma sentensi ya Kifaransa inayosema kwamba shujaa hakumtupa rafiki yake, na mama hakuiona.

Wazazi hawa hawakulelewa mbali na katuni wala na filamu za kigeni. Waliokulia Tanzania wanalikumbuka jarida la Sani la Dar es Salaam na wahusika wake, Ndumilakuwili, Lodilofa na Kipepe, lililokuwa likipita mkono kwa mkono mpaka kurasa zikalegea. Wanavikumbuka pia vibanda vya video, ambako filamu za Hong Kong, India na Marekani zilionyeshwa kwa watu ambao hawakujua Kikantoni, Kihindi wala Kiingereza. Zilieleweka kwa sababu ya msimuliaji. Nchini Tanzania aliyevuma zaidi alijulikana kwa jina la Lufufu. Sauti yake ilipanda juu ya sauti ya filamu, ikatafsiri, ikaeleza nani ni nani, ikatia utani na onyo. Kenya ina DJ Afro. Uganda ina wasimuliaji wake wanaoitwa VJ. Rwanda ina filamu zinazoitwa agasobanuye, jina linalotokana na kitenzi gusobanura, yaani kueleza, ambacho Mrundi hukielewa bila mkalimani.

Wasimuliaji hao hawakutafsiri maneno peke yake. Walimweka mtazamaji mahali pa kusimama. Shujaa alipofanya jambo ambalo katika jamii ya Waswahili ni utovu wa adabu, msimuliaji alilikemea au akalieleza, na baba aliyekuwa ameketi na wanawe kwenye benchi alicheka bila kuona haya. Filamu ilikuwa ya kigeni, lakini kilichosikika kilikuwa cha nyumbani.

Anime imekosa mtu huyo. Ni ndefu mno: One Piece, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1999, ilipita sehemu ya 1,000 mnamo Novemba 2021, na msimuliaji anayeishi kwa kuuza kazi yake hawezi kuibeba hadithi ya namna hiyo. Mashabiki nao hupenda sauti za asili za Kijapani. Zaidi ya yote, anime iliingia pamoja na simu. Haikupita kibandani wala sebuleni. Ilikwenda moja kwa moja sikioni mwa mtu mmoja.

Pepo, fuvu na taa zinazomweka

Hofu za wazazi zinastahili kuchukuliwa kwa uzito, maana si zote ni za kutojua.

Ya kwanza ni ya dini. Rumonge ni mji wenye Waislamu wengi, na makanisa yake nayo hujaa. Mzazi anayechungulia simu akaona kiumbe chenye pembe, au akafungua daftari la hesabu akakuta fuvu limechorwa kwa ustadi, haraki kufikiria sanaa. Lile fuvu lililovikwa kofia ya majani, kwa kawaida, ni bendera ya maharamia wa One Piece, hadithi ya vijana wanaosafiri baharini kutafuta hazina; si ajabu ikapendwa na watoto waliozaliwa penye mashua. Lakini mzazi hawezi kulijua hilo kwa kuangalia mchoro.

Naruto ndiyo yenye utata zaidi. Ni hadithi ya mvulana ambaye ndani ya mwili wake kumefungiwa mbweha mwenye mikia tisa. Mbweha wa namna hiyo ametoka katika ngano za kale za Kijapani, na kwa msikilizaji wa Kiswahili neno la karibu zaidi ni jini. Mama akielezwa kwamba shujaa "ana jini tumboni", mazungumzo yamekwisha. Ajabu ni kwamba mama huyo huyo alilala utotoni akisikiliza visa vya majini wa ziwani na mazimwi wanaomeza watu, na hakuna aliyedhani kwamba bibi yake alikuwa akimfundisha ushirikina. Tofauti ni kwamba bibi alikuwepo, na mwishoni mwa kisa alisema zimwi lilishindwaje.

Katika nchi za Kiislamu jambo hili limepitia njia ndefu. Mwaka 2001 wanazuoni wakuu wa Saudi Arabia walitoa fatwa dhidi ya michezo na kadi za Pokémon, mojawapo ya hoja zao ikiwa kwamba zilifanana na kamari. Miaka 20 baadaye, mwaka 2021, kampuni ya Manga Productions ya Riyadh ikishirikiana na Toei Animation ya Tokyo ilitoa filamu ya anime iitwayo The Journey, yaani Safari, inayosimulia jeshi la Abraha lilivyoandamana na tembo kwenda kuishambulia Makka. Ni kisa kinachotajwa katika Sura ya Tembo, ambayo watoto wa madrasa huihifadhi mapema kwa sababu ni fupi. Kati ya tarehe hizo mbili, watoto wa Uarabuni walikuwa wamekua na chaneli ya Spacetoon, iliyoanza mwaka 2000, ambapo katuni za Kijapani zilitiwa sauti za Kiarabu fasaha na kuondolewa sehemu zisizofaa. Mchezaji mpira Tsubasa akaitwa Kapteni Majid. Huko pia msimuliaji alipatikana, na hofu ikapungua. Anayetaka kujua kama hadithi fulani inafaa kwa imani yake atamwuliza shehe au padri wake, lakini itambidi kwanza amweleze hadithi yenyewe ni ipi.

Hofu ya pili ni ya macho na usingizi, na hapa ushahidi uko upande wa mzazi. Desemba 16, 1997, sehemu moja ya Pokémon ilionyesha taa nyekundu na za buluu zikimweka kwa kasi, na watazamaji 685 nchini Japani, wengi wao watoto, walipelekwa hospitalini kwa degedege, kizunguzungu na kutapika. Vituo vya televisheni vya nchi hiyo viliweka masharti mapya kuhusu kumwekamweka kwa picha, na hadi leo anime nyingi za watoto hutanguliwa na maandishi yanayomtaka mtazamaji akae penye mwanga na mbali na kioo. Kijana aliye ndani ya chandarua, gizani, na simu imegusa pua, anafanya kinyume cha yote mawili. Akiwa na historia ya kifafa, hatari ni kubwa zaidi.

Kuhusu shule hakuna haja ya maneno mengi. Sehemu moja ni takriban dakika 24, na huishia pale panapomlazimu mtazamaji kufungua nyingine. Zilitengenezwa hivyo makusudi, ili juma lijalo mtu arudi. Aliyebeba sehemu 40 kwenye kadi hana juma la kusubiri. Mzazi anayelalamika kwamba mtoto anasinzia darasani hahitaji kuifahamu Japani ili awe na haki. Inafaa kuongeza kwamba katika nyumba nyingi msichana shabiki huulizwa maswali makali kuliko kaka yake, kwa kuwa muda wake unahesabiwa kuwa wa kuchota maji na kupika, na kwamba ukali huo hauhusiani na anime.

Kama kuna faraja kwa wazazi wa Rumonge, ni kwamba hawako peke yao. Katikati ya miaka ya 1950 vyama vya wazazi na walimu nchini Japani kwenyewe viliendesha kampeni dhidi ya manga, na vitabu vikachomwa moto. Mwaka 1989 mbunge wa Ufaransa Ségolène Royal aliandika kitabu kizima kikilaumu televisheni ya watoto, na katuni za Kijapani zikawa miongoni mwa zilizoshambuliwa vikali. Watoto wa Kifaransa waliokatazwa wakati ule leo ni wazazi, na Ufaransa imekuwa mojawapo ya masoko makubwa ya manga nje ya Japani.

Mvulana aliyekataliwa na kijiji

Swali ambalo wazazi hawaulizi mara nyingi ni kwa nini hadithi hizi na si nyingine. Nchini Burundi kijana anaweza kuona filamu za Nigeria, tamthilia za Uturuki na video za muziki wa Tanzania, ambazo lugha zake ziko karibu naye zaidi. Bado huenda akamchagua Naruto.

Toa mbweha, toa mapigano, kinachobaki ni hiki: mtoto asiye na baba wala mama anakua katika kijiji kinachomkwepa kwa sababu ya jambo lililotokea usiku aliozaliwa. Watu wazima wanajua sababu, na wamekatazwa kuisema. Watoto wenzake wanamtenga kwa kuwaiga wazazi wao, bila kujua wanachoiga. Yeye haondoki. Anaapa kwamba siku moja atakuwa mkuu wa kijiji hicho hicho. Masashi Kishimoto aliiandika na kuichora hadithi hiyo kuanzia 1999 hadi 2014.

Mwambao wa Rumonge umejaa watoto wa familia zilizorejea na kukuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wapya, waliokuwa wakiyalima kwa miaka mingi na wengine wakiwa na hati. Kesi za ardhi zimewagawa majirani. Mtoto anaweza kuitwa mgeni mahali alipozaliwa babu yake, kwa lafudhi yake tu. Naye pia, mara nyingi, hajaelezwa nyumbani kilichotokea mwaka 1972, kwa kuwa wazee wengi wa pande zote huona heri kunyamaza. Si lazima mtu awe mtaalamu wa fasihi ili aone mtoto kama huyo anaweza kusikia nini katika kisa cha kijiji chenye siri. Wala si kila shabiki ana historia hiyo. Wengine wanapenda tu mateke.

Zipo kazi za Kijapani zinazoweza kumgusa mzazi kuliko mtoto. Keiji Nakazawa alikuwa na umri wa miaka 6 bomu la atomiki lilipoanguka Hiroshima Agosti 6, 1945. Baba yake, dada yake na mdogo wake walikufa siku hiyo. Kuanzia mwaka 1973 aliichora habari hiyo kama manga, Gen asiye na viatu, na miaka kumi baadaye ikawa filamu. Mwaka 1988 Isao Takahata wa studio ya Ghibli alitoa filamu inayoweza kuitwa kwa Kiswahili Kaburi la Vimulimuli: kaka na dada yake mdogo wanapoteza mama yao katika mashambulizi ya ndege huko Kobe, wanafika kwa ndugu ambaye polepole anaanza kuuhesabu wali wanaokula, wanaondoka, na njaa inawamaliza. Hakuna jini wala upanga. Kuna chandarua, kopo la peremende na mtoto anayeuliza maswali ambayo kaka yake hana majibu yake.

Mtu aliyelala porini akiwa na mdogo wake mgongoni, au aliyewahi kuwa mzigo katika nyumba ya shangazi, haihitaji tafsiri ya Kifaransa kuielewa filamu hiyo. Haifai kwa watoto wadogo, na kwa mtu mzima mwenye kumbukumbu za namna hiyo inaweza kuwa nzito mno. Yule kijana afikirie mara mbili kabla ya kumwekea bibi yake. Lakini inatosha kuvunja dhana kwamba kilichochorwa ni mchezo.

Mtoto kama msimuliaji

Vijana wengi wakikatazwa hujificha, na wazazi wengi wakishindwa hunyang'anya simu. Kwa kuwa simu hiyo hiyo hutumika kupokea fedha na kumpigia mnunuzi wa mawese, hurudishwa baada ya siku mbili, na mambo huendelea kama yalivyokuwa.

Njia yenye matumaini zaidi iko katika desturi ya kibandani. Maadamu msimuliaji hatapatikana kwingine, mwenye uwezo wa kuifanya kazi hiyo ni mtoto mwenyewe. Yeye ndiye anayesoma Kifaransa na ndiye anayeijua hadithi, na Kiswahili anacho. Kusimulia mbele ya mzazi kuna faida mbili ambazo hazitajwi. Mtoto analazimika kuchagua kinachoweza kuonwa mbele ya watu wazima, na hapo rafu zile za umri hujirudisha zenyewe bila mtu kuziandika. Halafu analazimika kutafuta maneno. Kutafsiri papo kwa papo kutoka maandishi ya Kifaransa hadi Kiswahili kinachoeleweka na mama ni zoezi gumu la lugha, na mwanafunzi anayeliweza amepiga hatua katika masomo mawili.

Pa kuanzia si Naruto. Baba anayefuata ligi za Ulaya anaweza kuvumilia Captain Tsubasa, hadithi ya mvulana na mpira iliyoanza kuchapishwa mwaka 1981, ambayo mshambuliaji wa Hispania Fernando Torres amekiri kwamba ilimvuta kwenye soka. Uwanja wake hauna mwisho, na mpira mmoja unaweza kukaa hewani dakika tatu. Baba atalalamika, na kulalamika kwenyewe ni mazungumzo.

Mzazi kwa upande wake ana haki ya kuweka mpaka, na mpaka unaoeleweka hufuatwa zaidi kuliko marufuku: sehemu mbili na si kumi, taa ikiwa imewashwa, simu nje ya chandarua baada ya saa fulani, hakuna kitu usiku wa kuamkia mtihani. Akitaka kujua kama hadithi inafaa, amwombe mtoto amsimulie sehemu ya mwisho aliyoiona. Anayekataa kusimulia amekwisha kujibu.

Swali la riziki litakuja tu. Mtoto anayechora fuvu kwenye daftari huenda anachora vizuri, na mzazi hutaka kujua kama kuchora kunalisha. Jibu la kweli ni kwamba kunalisha wachache. Hata Japani wachoraji wa ngazi ya chini wanajulikana kwa malipo duni na saa nyingi za kazi. Lakini mlango si wa kufikirika tena. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam limekuwa likitengeneza katuni za elimu kwa Kiswahili tangu 2014. Mnamo Julai 2023 Disney+ ilitoa mkusanyo wa filamu fupi 10 za Kiafrika uliopewa jina la Kiswahili, Kizazi Moto, na miongoni mwa waongozaji wake walikuwa Raymond Malinga wa Uganda na Ng'endo Mukii wa Kenya. Mwezi huo huo Netflix ilionyesha Supa Team 4, kazi ya Malenga Mulendema wa Zambia, nchi ambayo bandari yake ya Mpulungu iko kwenye maji haya haya ya Tanganyika.

Mwezi ukishapevuka, taa za mashua hazifai kitu: ziwa zima lina nuru na ndagala hawavutwi. Wavuvi hubaki nchi kavu, hushona nyavu na kulala nyumbani. Studio ya Ghibli ilitoa filamu mbili siku moja, Aprili 16, 1988. Moja ni ile ya vimulimuli. Nyingine ni Totoro, hadithi ya wasichana wawili wanaohamia kijijini na baba yao ili wawe karibu na hospitali alikolazwa mama, wakakutana na mnyama mkubwa wa msituni asiyemdhuru mtu. Haina mapigano wala adui, maneno yake ni machache, na inachukua dakika 86.